Ishara Aliyoiona Shadia

Shadia na Kayitesi walipochomoza juu ya maji, mashua haikuwepo.

Mvua ilikuwa nzito hata kisiwa cha Nkombo kilikuwa kimepotea, kisiwa ambacho asubuhi kilikuwa karibu kiasi cha kusikia mbuzi wakilia mashambani. Upepo uliotoka upande wa kisiwa cha Idjwi ulikuwa umeinua mawimbi mafupi, makali, yaliyowapiga usoni bila kupumzika. Shadia alitoa mpira wa hewa mdomoni, akameza maji, akaurudisha haraka.

"Nanga imeachia," Kayitesi alisema. "Upepo umebabeba wote na mashua. Jaza fulana yako."

Hata hapa anatoa amri, Shadia aliwaza. Lakini alibonyeza kitufe, na fulana ya kuelea ikamkaza kifuani.

Mashua yao ya tanga ilikuwa ya safari ya wanafunzi, iliyotoka Karongi kuteremka ziwa Kivu hadi Kamembe, huku wakijifunza uanamaji na kupiga picha samaki wa miambani. Njia nzima Shadia, binti wa seremala wa Kamembe, aliisubiri siku hii ya kuzamia karibu na kwao. Katika ufuo wao hakuna aliyewahi kumshinda kuogelea. Kayitesi naye alizaliwa Kamembe, ila alisomea Dar es Salaam, akajifunza kuzamia huko. Mwalimu wao, Védaste, alimtazama mara moja tu chini ya maji, akamkabidhi kamera na uongozi.

"Mumuangalie namna anapumua," aliwaambia wengine.

Shadia alimwangalia. Alimwangalia akikunja tanga bila kuombwa. Alimwangalia akicheka na Gasaro, rafiki wa Shadia tangu utotoni, vichwa vyao vimekaribiana. Usiku alilala akiwa amewageuzia mgongo, na bado alisikia kila neno.

Ndiyo maana kule chini, Kayitesi alipoinua kidole gumba, ishara ya kupanda, Shadia aligeuza uso. Aliiona vizuri. Aliona pia kwamba maji juu yao yameanza kuingia giza. Lakini mbele palikuwa na pango dogo lililojaa samaki wa buluu, na alitaka kurudi na habari ya kitu alichokiona yeye kwanza. Akaogelea mbele. Mzamiaji hamwachi mwenzake, kwa hiyo Kayitesi akalazimika kumfuata, na dhoruba ikapata nafasi yake.

Sasa mvua ilipungua kidogo, na wakaona mawe meusi yakitokeza majini.

"Kule," Shadia alisema.

"Achilia kwanza mshipi wa vyuma. Uogelee kwa mgongo, usimalize nguvu."

Shadia aliuachia ule mshipi wa uzito ukazama, lakini hakuogelea kwa mgongo. Alilala kifudifudi na kuyakata mawimbi kwa mikono, na punde akawa mbele. Furaha ilimpanda, ya moto, ya kweli. Hatimaye alikuwa mbele.

Alipogeuka, Kayitesi alikuwa mbali, na si nyuma yake bali pembeni, akisukumwa kuelekea ziwa wazi. Pezi lake moja la mguuni lilikuwa limetoka.

"Mguu imekaza!" Kayitesi aliita. "Siwezi kuikunjula!"

Shadia alibaki akielea. Mawe yalikuwa karibu. Alimwaza Védaste akiwaambia wengine wamwangalie Shadia badala ya Kayitesi, akamwaza Gasaro akirudi kukaa kando yake. Wazo hilo lilikuja lote, likiwa limekamilika, nalo likamtisha kuliko mawimbi.

Akageuka.

Kumfikia kulichukua pumzi yake yote. Alimshika kwenye mkanda wa mtungi wa hewa, akamlaza chali, akaanza kumvuta. Mikono iliwaka, kisha ikafa ganzi. Kayitesi alipiga maji kwa mguu mmoja, akasoma mawimbi kwa ajili yao wote wawili: "Ngoja. Kubwa inakuja. Sasa, vuta." Wimbi la mwisho liliwatupa kwenye mawe, na jiwe likamchana Kayitesi chini ya goti.

Walipanda kwa magoti hadi mahali pasipofikiwa na maji. Shadia alivua kitambaa alichofungia nywele, akaufunga mguu wa Kayitesi kwa kukaza hadi damu ikapungua. Kisha wakabanana migongo kwenye ufa wa mwamba, meno yakigongana.

"Ishara yangu uliiona?" Kayitesi aliuliza.

"Niliiona."

Kayitesi hakujitenga naye, maana baridi ilikuwa kali mno.

Jua lilikuwa limeshuka kuelekea milima ya Bukavu mashua ilipotokea, tanga kubwa limepasuka, ikijikokota kwa lile dogo. Védaste, sauti imemkauka kwa kuita, aliruka majini kabla haijasimama. Aliwapandisha, Gasaro akawafunika blanketi moja, na chai ikaletwa.

"Ilikuwa namna gani?" Védaste aliuliza. "Niliwaambia mupande maji ikiingia giza. Kayitesi, weye ndiye ulikuwa unaongoza."

"Maji ilichafuka, Papa Védaste," Kayitesi alijibu. "Hatukuonana."

Shadia aliushika ukingo wa kikombe kwa nguvu. Hata hili analiweza, aliwaza, na wivu ukamchoma upya, mkali kuliko ule wa kamera, kwa sababu safari hii alitamani kuwa kama yeye.

"Tulionana," alisema. "Alinipa ishara ya kupanda. Nilikataa kwa makusudi. Kosa si yake."

Gasaro alitazama maji. Védaste alimwambia Shadia kwamba hatazamia tena katika safari hii, naye akaitikia kwa kichwa.

Védaste alipokwenda kwenye usukani, Shadia aliinuka ili amwachie mwenzake blanketi. Kayitesi aliukamata mkono wake, akamvuta aketi tena.

"Ikala," alisema bila kumtazama. "Kesho utaniambia ni juu ya nini ulikataa. Leo niko na baridi."