Kidonge cha Murugi

Mwaka wa 1979, siku ya soko mjini Nyeri, Konstebo Simiyu alikuwa akichagua viazi aliposikia tik, tik, tik kutoka kwa msichana wa gauni la njano aliyesimama kando yake.

"Dada, saa yako naisikia lakini siioni."

"Ni moyo," Murugi akacheka. "Nilipasuliwa Nairobi, wakaniwekea vali ya chuma, kilango cha kupitisha damu."

"Basi siku ukinipenda nitausikia ukienda mbio."

"Ati nikupende? Nibebee viazi kwanza!"

Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wameoana. Kila jioni Murugi alimeza kidonge cha kuzuia damu isigande kwenye ile vali. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kingeweza kumdhuru mtoto tumboni.

Waithira alizaliwa na pua iliyobonyea, kila pumzi akiipigania. Daktari alipoeleza kwamba ni ile dawa, Simiyu alitoka nje. Murugi akaona amekimbiwa. Alipotoka hospitali, akamchukua mtoto wake wakaenda kwa mama yake, kijijini Giakanja.

Simiyu akawa anapiga simu dukani kwa Wamae, jirani wa mama mkwe wake. "Amekataa kuja kwenye simu," Wamae alimjibu kila mara. Asubuhi moja sauti ikawa ya Murugi mwenyewe.

"Waithira ametuacha."

"Murugi, mpenzi..."

"Usiniite hivyo. Mimi ndiye nilimpa sumu."

Simiyu alifika koti likichuruzika mvua. Walimzika mtoto kando ya migomba. Watu walipoanza kutawanyika, mama mkwe akamvuta pembeni, akampa kichupa cha vidonge.

"Mwanangu, hajagusa dawa yake tangu mtoto afe."

Alimkuta Murugi ameketi jikoni.

"Unataka kufa?"

"Hiyo kitu iliniharibia mtoto, niimeze tena?"

"Hukujua. Hata mimi sikujua."

"Lakini ulinichukia. Ulitoka!"

"Nilitoka kulia, Murugi. Niliona aibu kulia mbele yako, nawe unalia." Akapiga magoti kwenye majivu. "Leo nimezika mmoja. Usinifanye nizike wawili."

Akamimina maji kwenye kikombe, akamwekea kidonge kiganjani. Murugi akakitazama sana.

"Hatutapata mwingine, Simiyu."

"Hatutapata. Tutakaa hivyo, mimi na wewe."

Murugi akakimeza. Kisha akaingia chumbani kukunja nguo zake, na shali ndogo ya Waithira, wakamuaga mama, wakarudi nyumbani kwao.