Kinyaa cha Sumaya

Kila Jumapili mchana, nyumbani kwa kina Sumaya mjini Baraka, watu huketi mkekani na kula bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika sinia moja. Mgeni hatengewi sahani. Kumtengea ni kumtukana. Siku hiyo mgeni alikuwa Merveille, jirani na rafiki wa Sumaya, aliyekuwa ametoka juzi kwenye kituo cha kutibu kipindupindu.

Merveille alinawa kwa sabuni, akamega tonge, akachovya. Sumaya aliviona vile vidole vyembamba vikizama katika mboga. Mate ya kutapika yakamjaa mdomoni.

"Mama, umupatie huyu sahani yake," alisema. "Mi naona kinyaa!"

Lo! Maneno gani hayo mbele ya mgeni? Merveille akaliweka tonge lake chini, akanong'ona, "Nimeshiba, mama," akaondoka.

Shangazi Samira, mwanasaikolojia wa hospitali, alimfuata Sumaya nyuma ya jiko, alikokuwa akitapika.

"Merveille amepona. Waganga wa kituo wamemuruhusu. Unaona kinyaa cha nini?"

"Cha ugonjwa wake."

"Kinyaa ni mulinzi, mutoto wangu. Kinatukataza kula kilichooza. Lakini kazini naona bantu kila siku: mutu anafanya kibaya, anajichukia, kisha ile chuki anamutupia mwenziwe. Niambie kweli."

Sumaya akaangua kilio. Wiki mbili nyuma, foleni ya robine, bomba la mtaa, ilimchosha. Akajaza bidoni, dumu lake la maji, ziwani, pale watu wanapofulia nepi na kutupa matumbo ya samaki, akadanganya kwamba ni maji ya robine. Mama aliyapikia maharagwe, yakachemka. Ila Merveille alipita na kiu, akaomba kikombe. Kitu cha kijani, chenye utelezi, kilikuwa kinaelea. Sumaya alikiopoa kwa kidole, akampa hivyo hivyo. Kesho yake Merveille akaugua.

"Huenda ni maji yale, huenda ni mengine, hakuna anayejua," Shangazi alisema. "Lakini uongo ni wako. Twende."

Nyumbani kwao, Merveille alisikiliza yote akiwa ameinama.

"Nilijiharia kwenye pikipiki nikipelekwa kituoni," alisema hatimaye. "Bantu wakaziba pua, wakanicheka. Nikafikiri mi ndiye muchafu."

"Muchafu ni mi," Sumaya alijibu. "Unisamehe."

Merveille aliinua uso. "Nimekasirika," alisema. "Lakini niko na njaa pia."

Walirudi wote watatu kwenye sinia. Sumaya alimweleza mama ukweli, akakaripiwa ipasavyo. Kisha akachovya pale pale alipochovya Merveille. Mate ya kutapika yakamjaa tena, naye akameza.

"Maji ya ziwa yachemsheni," Shangazi aliwaambia wasichana hao. "Na kosa lako liseme mapema, Sumaya. Ukilificha linaoza ndani yako, halafu unamuzibia pua asiye na hatia."