Mgongo wa Koti

Mimi ni dobi. Pasi yangu haijawahi kuunguza nguo, muulize yeyote. Mstari wa suruali niliyoinyoosha mimi unakata mkate.

Jioni hiyo, giza linaanza kuingia, dada yangu akaniletea koti la gwaride la marehemu mwanawe. Mpwa wangu huyo, mrefu mpaka tukamwita Nondo, aliwatoa wenzake watatu ndani ya gari linalowaka. Akapewa nishani. Mwezi uliofuata vita vikammaliza. Kamanda wake akatuambia alikufa akimkabili adui, risasi ya kifua. Sasa koti lilitakiwa kutundikwa ukumbini, kamanda huyo ahutubie.

"Linyooshe vizuri, kaka," dada akaninong'oneza. "Mwili hawakunipa. Nimebaki na hili."

Na koti hilo Nondo hakwenda nalo vitani. Lilikuwa kabatini kwa mama yake. Shikeni hapo.

Kifua kikatoka safi. Nikaiweka pasi kando, nikageuza koti, nikapapasa mgongo kwa kiganja...

Tssss.

Harufu ya baruti. Halafu nyama inayoungua.

Katikati ya mgongo, tundu. Linafuka moshi.

Na sauti ya Nondo, ndani ya koti: "Mjomba... waonyeshe mgongo."

Mimi niliyewahi kumfukuza fisi kwa kandambili, nikajikuta chini ya meza ya pasi.

Kamanda alikuja mwenyewe kulichukua. Akaliona tundu. Mtu mwingine angenitukana kwamba nimeunguza. Yeye aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine ameona?"

Hapo damu ikanichemka.

Ukumbini akalitundika, mgongo ukutani. Katikati ya hotuba, koti likageuka. Upepo hamna. Akaligeuza. Likageuka tena.

Dada yangu akasimama, akaenda mbele, akatia kidole kwenye lile tundu. Kikazama chote.

"Kamanda, siku hiyo wewe ulisimama upande gani wa mwanangu?"

Akavaa kofia yake, akatoka. Na wamempandisha cheo, mbwa yule! Nyumba yake ipo mwisho wa barabara hii hii, geti jipya, anapita hapa akitazama pembeni.

Koti dada alinirudishia, ninalo dukani. Kila jioni mgongo wake una moto kuliko pasi yangu. Jana nimelikuta limegeukia barabarani, mikono yote miwili imeinuka mbele... vidole hamna, lakini zile ncha za mikono zimejikaza kama zinakaba kitu.

Mikono hiyo sijaishusha.

Na leo mlango wa duka sitaufunga.