Nilimwita Papa Assani Mwizi wa Umeme

Mimi ni Henriette. Nina kibanda kule Mabanga, mtaa wa Goma, pale watu wanapokuja kuandikisha barua, CV na programu za ndoa. Nina kompyuta moja na printa moja. Nina pia mdomo. Mdomo huo ndio ulioniletea haya ninayotaka kuwasimulia.

Jirani yangu ni Papa Assani, fundi wa kushona. Kati yetu kuna ukuta wa mbao, na waya wa umeme ni mmoja kwa sisi wawili. Kila asubuhi alinisalimia kupitia mbao: "Mama Henriette, umeamuka?" Nami nilijibu: "Nimeamuka, muzee. Habari ya nyumbani?" Tuliishi hivyo miaka sita bila neno baya.

Sasa sikilizeni. Sisi watu wa Goma tumejifunza kukimbia. Mwaka ule volkano ilipotoka, nilibeba kasha la kompyuta kichwani mpaka Sake. Lakini diski yangu ya nje, ile ndogo ninayohifadhia kazi za watu, niliisahau mezani. Nililia njia nzima. Basi Jumatatu moja, nikiwa kazini, nikasema: sitaisahau tena. Nikachukua skochi, ule utepe wa kunata, nikaibandika diski nyuma ya kasha, waya wake ukiwa umechomekwa. Siku ya kukimbia nitabeba kitu kimoja tu. Nikajiona mwenye akili kweli kweli.

Saa sita mchana Papa Assani alichomeka pasi. Wakati ule ule umeme ukakatika. Ulirudi baada ya dakika kumi, nikabonyeza kuwasha. Kasha likanguruma, skrini ikabaki nyeusi, na juu yake mstari mmoja wa maneno meupe ya Kiingereza. Nikazima, nikawasha tena. Vile vile. Nilirudia mara tano.

Mteja wangu Donat alikuwa amekaa pale, anangoja barua yake ya kuomba kazi.

"Mama, imeungua?" akauliza.

Sikufikiri hata kidogo. Nilitoka nje, nikasimama katikati ya barabara.

"Assani! Umeniunguzia mashini! Pasi yako imekula umeme wote! Watoto wangu watakula nini sasa?"

Mumesikia? Nilimwita Assani, bila Papa. Mutu anayemzidi baba yangu umri.

Watu wakasimama. Muuza ndizi aliacha kupanga ndizi zake. Waendesha pikipiki wakageuza vichwa. Papa Assani akatoka, sentimita yake ya kupimia nguo shingoni.

"Mama, pasi hii ni ile ya siku zote," akasema.

"Nyamaza! Mwizi wa umeme wewe!"

Papa Assani aligeuka. Aliingia ndani, akaung'oa waya ulioleta umeme kwake kwa mkono wake mwenyewe. Tangu saa ile alitumia pasi ya makala. Mkaa ule ulitoa moshi, na moshi ukapita kwenye mbao mpaka kwangu. Nilimsikia akikohoa. Nikasema moyoni: akohoe tu. Haya, nimesema. Ni kweli nilifikiri hivyo.

Asubuhi ya Jumanne na ya Jumatano hakuna aliyenisalimia kupitia mbao.

Jumatano nilimwita Daniella. Ni dada mmoja wa mtaa wa Majengo, anatengeneza kompyuta. Alifika, akaweka begi chini, akawasha mashini. Maneno meupe yakatokea, akayasoma.

"Mama, haijaungua," akasema.

"Unajuaje?"

"Iliyoungua haisemi kitu. Hii inasema. Inasema haikupata kitu cha kuanzia. Siku ilipoanza kukataa, uliongeza kitu gani kipya?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Daniella, nimesema hakuna! Ni pasi ya jirani!"

Hakubishana nami. Alizima, akatoa waya wa umeme ukutani. Halafu akashika waya mmoja mmoja nyuma ya kasha na kuufuata mpaka mwisho. Huu wa skrini, ubaki. Huu wa kibodi, ubaki. Huu wa kipanya, ubaki. Huu wa printa, utoke. Mkono wake ukafika kwenye skochi.

"Na hii?"

"Hiyo si kitu. Ni diski tu, ya kukimbia nayo."

Akachomoa waya wa diski. Akarudisha umeme, akawasha. Tulingoja pengine nusu dakika. Mashini ikafunguka. Barua ya Donat ilikuwa pale, salama.

Mama weee! Nilitaka kufurahi, furaha ikakataa kuja. Nyuma ya mbao Papa Assani alikohoa.

"Nieleze," nikasema. Sauti yangu haikuwa ile ya Jumatatu.

"Mashini ikiamuka, inatafuta programu ya kuianzisha," Daniella akasema. "Wewe ukiamuka unatafuta kandambili. Unaangalia kwanza chini ya kitanda, halafu mlangoni. Mashini nayo ina orodha ya mahali pa kuangalia. Nani aliweka programu hapa?"

"Kijana mmoja. Alitumia flashi."

"Ndiyo. Aliiambia iangalie kwanza vitu vya nje, kisha akasahau kurudisha. Diski yako ina kazi za watu, haina programu ya kuanzisha. Mashini nyingine zikikosa zinaendelea mahali pa pili. Hii yako inakwama pale pale."

"Lakini diski hii ninayo tangu zamani!"

"Ulikuwa unaichomeka saa gani?"

Nikafikiri. Zamani niliichomeka mashini ikiwa imeshawaka, na jioni niliitoa. Jumatatu niliibandika nikiwa kazini, kila kitu kinaenda vizuri. Umeme ulipokatika, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mashini kuanza upya na diski ikiwa nyuma yake. Pasi haikuwa na kosa lolote.

Daniella alinifundisha, na mkono ulikuwa wangu, si wake. Nilizima mashini vizuri, nikaiwasha, nikabonyeza kitufe cha F2 mara nyingi kabla haijafunguka. Alisema mashini nyingine zinataka kitufe kingine, na mara nyingi kinaandikwa kwenye skrini mwanzoni. Tukapata orodha. Nikapandisha diski ya ndani iwe ya kwanza, nikahifadhi. Halafu tukazima, tukachomeka diski ya nje, tukawasha. Ikafunguka.

"Na kama ingekataa tena?" nikauliza.

"Basi huenda diski au waya wake ni mgonjwa. Ungewasha bila diski, ukaichomeka baadaye, ukanakili kazi zako haraka. Na usiing'oe tu. Iage kwanza kwenye skrini: bonyeza alama ya kuitoa, ungoje ikubali kutoka." Akabandua skochi. "Tena mama, hii haifai kukaa hapa. Mwizi akibeba kasha, amebeba vyote viwili. Iweke nyumbani."

Nikamshika mkono. "Dada, ukitoka, waambie watu ilikuwa virusi."

Daniella alinitazama. "Mama, nilikuja kutengeneza mashini. Uongo sikuubeba kwenye begi."

Akaenda zake. Nilikaa kwenye kiti changu muda mrefu. Aibu ilinishika. Mwisho niliinuka, nikaingia kwa Papa Assani. Alikuwa anapuliza makala, macho mekundu kwa moshi.

"Papa," nikasema polepole, "unisamehe. Haikuwa pasi. Ni mimi mwenyewe, na diski yangu."

Alishika pasi, akanyoosha kola ya shati. Kisha akauliza, "Mama Henriette, uliniita mwizi ukiwa wapi?"

"Barabarani."

"Na sasa uko wapi?"

Nikageuka, nikatazama mlango. Nilikuwa ndani, karibu na sikio lake, mahali ambapo mutu mwingine asingesikia.

Nilitoka. Nilisimama pale pale katikati ya barabara. Muuza ndizi alikuwepo. Donat alikuwa anakuja kuchukua barua yake. Nikapaza sauti ile ile ya Jumatatu.

"Jamani, munisikilize! Papa Assani hakuunguza kitu! Papa Assani si mwizi! Mimi Henriette nilimsingizia, kosa lilikuwa nyuma ya mashini yangu!"

Mwendesha pikipiki mmoja akacheka. Muuza ndizi hakucheka, alitikisa kichwa tu. Papa Assani alikuja mlangoni.

"Imetosha," akasema. "Nimesikia. Tumesameheana."

Nilimrudishia waya wake mimi mwenyewe. Sasa ni miezi minne. Mashini inawaka kila asubuhi. Jumamosi ninanakili kazi zote, ninaiaga diski, ninaipeleka nyumbani. Kitu kikikataa, ninauliza kwanza nimeongeza nini, halafu ninafuata waya mmoja mmoja. Kazi ya mteja haijapotea hata moja.

Papa Assani amerudia kunisalimia. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuchomeka pasi, anagonga mbao kwanza.

"Mama Henriette, naweza?"

"Unaweza, Papa," ninajibu. Nimemwomba aache kuuliza. Bado anauliza.