Mteja Kutoka Fungu la Mchanga

Wazazi wakirudi safari, mtoto hukimbilia mabegi kutafuta zawadi. Angela hakugusa begi. Alifungua mlango wa ghorofa ya tatu, nyuma kidogo ya Msimbazi, akamkumbatia mama yake, akamwamkia baba yake, kisha akachungulia nyuma yao kwenye ngazi tupu na kusema kwa adabu zote, "Shikamoo, Anti."

"Unamwamkia nani wewe?" akauliza Scholastika, mama yake.

"Huyo mliyekuja naye. Ameitikia."

Heriel, baba mtu, akacheka. Dada yake, Candida, aliyebaki na mtoto wiki nzima, naye akacheka. "Mwacheni, hajalala mchana huyo. Haya wifi, mbona mmeungua hivyo? Mlienda likizo au mlienda kuchoma mkaa?"

Maneno yakaishia kwenye kicheko, na walikuwa na haki ya kucheka, jamani. Miaka kumi wanauza kanga na vitenge Kariakoo, kila Desemba ni Moshi kwa wazee na kurudi. Mwaka huu wakasema na sisi tujaribu, wakaenda Mafia. Wakaogelea na papa potwe, samaki mkubwa kama lori asiyemng'ata mtu. Siku ya mwisho boti ikazima injini, wakashinda kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari, lile linalojitokeza maji yakitoka na kumezwa yakijaa, mpaka wavuvi wakaja kuwavuta. Hadithi ya kusimulia mpaka uzeeni.

Ila jioni ile Scholastika alipofungua mabegi, chumba kilijaa harufu ya mwani uliooza. Akafua kila nguo, akapiga deki kwa dawa. Harufu haikutoka.

Asubuhi akashuka dukani, chini ya jengo lilelile. Kufuli zilikuwa salama, lakini ndani doti za kanga zilikuwa zimekunjuliwa moja moja, zimetandazwa kaunta nzima, kama amepita mteja mgumu aliyeangalia mzigo wote na asipende kitu. Mapindo yalikuwa na majimaji. Scholastika akalamba kidole. Chumvi.

Siku ya tatu vitambaa vya dukani havikuguswa tena. Vikaguswa vya nyumbani: mapazia, mashuka, gauni lake la Pasaka. Na siku ya tano Angela akaamka na alama nyekundu mikononi, mbilimbili, kutoka kwenye viganja mpaka mabegani.

"Mbu hao," akasema Heriel.

Scholastika akamvuta mtoto kwenye mwanga. Alama zile alizijua. Ndivyo mteja anavyofikicha kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, apate kujua uzito wake.

"Anti ananishikashika," Angela akanong'ona. "Anasema mimi sichuji rangi."

Walisali rozari usiku na mchana, harufu ikipungua kidogo inarudi kabla hawajasema amina. Mtoto akaacha kula. Akawa anatia chumvi kwenye maji na kunywa kikombe baada ya kikombe, na kila adhana ya magharibi ikilia mwili wake unapoa kama ametolewa kisimani, na mama yake akimchana nywele, mchanga mweupe unadondoka mapajani.

Hapo ndipo walipomwita Bi Waridi, mama wa Kilwa anayeuza udi nyuma ya soko. Watu wa mtaa wakizidiwa, Muislamu kwa Mkristo, humwendea yeye. Alipoingia tu akabana pua kwa mtandio.

"Huko kisiwani mlimkosea nani?"

"Hatukumkosea mtu, Bibi," akasema Heriel.

"Mlichukua kitu?"

"Hata kombe moja la pwani hatukuokota."

"Basi mlimkaribisha nani?"

Heriel akatabasamu kinyonge. "Bibi, huyu mke wangu anakaribisha kila apitaye. Hata msibani nimeshamsikia, 'karibu mteja'."

Scholastika akaziba mdomo kwa mikono miwili. Ikamjia. Siku ile funguni, wanaume wameinamia injini, aliona mwanamke amesimama mwisho wa mchanga. Hapakuwa na boti nyingine, wala kanga yake haikuwa na tone la maji. Kwa furaha ya kuona mtu, ulimi wa Kariakoo ukamtangulia.

"Nilimwambia, dada umependeza, ukifika Bongo usipite," akasema kwa sauti ya chini. "Ulizia duka la Mama Angela, panda hata nyumbani, ghorofa ya tatu. Chagua mwenyewe chochote roho itakachopenda, hutoki mikono mitupu."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Nilipogeuka tena hayupo. Nikadhani ni jua."

Bi Waridi akakaa chini polepole. "Angekuja mwenyewe, ningemtoa kwa kisomo. Huyu umemwita, ukampa na anwani. Mimi nitamkalisha tu. Kumwambia alichochagua hakipatikani, hiyo kazi yako, mwenyeji."

Jumapili mchana, maduka yamefungwa, wakaweka kiti cha plastiki katikati ya sebule. Bi Waridi akafukiza udi kwenye chetezo, akanyunyiza marashi, akaanza kusoma chini chini, na moshi wa udi ukapanda, ukainama, ukaanza kukizunguka kile kiti kama unapita kwenye mabega ya mtu, na miguu ya kiti ikalia kwa uzito ulioketi juu yake, na maji yakaanza kutiririka sakafuni mpaka kwenye vidole vya Scholastika, ya baridi, na Angela, aliyekuwa hajasimama siku mbili, akainuka mapajani mwa baba yake akanyoosha mkono kuelekea pasipo na mtu.

"Mwenyeji wangu," ikasema sauti kutoka kitini, tamu na ya taratibu. "Nimeshachagua."

"Huyo hauzwi," akasema Scholastika.

"Ulisema chochote."

"Chukua duka. Chukua mzigo wote."

"Vitambaa vyaoza majini."

"Nichukue mimi!"

Kiti kikacheka. "Wewe umeshachuja, mama." Mkono wa Angela ukavutika mbele, ngozi ikabonyea mahali vidole visivyoonekana vilipomshika. "Ila sitaki kukuaibisha. Nipe ile uliyoniitia, nimwache. Nipe sauti."

"Mama Angela, ngoja! Fikiri kwanza, uliza ataifanyia nini!" akapiga kelele Bi Waridi.

Lakini ni mama gani angeuliza?

"Chukua," akasema Scholastika. Likawa neno lake la mwisho.

Harufu ikakatika palepale. Jioni Angela akaomba ugali na dagaa, akala mpaka akakomba bakuli. Ndani ya wiki alama zikafutika. Heriel akalia kwa shukrani, akamnunulia mkewe ubao mdogo wa kuandikia wateja. Madaktari walimchungulia koo wakasema halina ugonjwa. Scholastika hakujali. Mtoto alikuwa anacheka.

Mwezi ukapita. Alasiri moja Scholastika alikuwa nyuma ya kaunta anafungua robota la vitenge, mvua inapiga mabati ya kibaraza, Angela anafanya homuweki penye mlango wa ngazi.

Ndipo sauti ikaita kutoka juu, yenye lafudhi ya Kibosho, kwao Moshi, na ule upole wa mwishoni, sauti iliyombembeleza mtoto huyo tangu siku aliyozaliwa.

"Angela! Angela wangu, njoo."

Mtoto aliyelelewa vizuri hasubiri kuitwa mara mbili. Angela hakuinua hata kichwa kutazama kaunta. Akaweka penseli, akasema "Abee, mama!" na kukimbilia ngazini.

Scholastika akaruka robota, akaanguka, akainuka, akapanua mdomo mpaka mishipa ya shingo ikasimama, amwambie simama, amwambie si mimi. Pumzi tupu ikatoka. Miguu midogo ilikuwa imeshapita ghorofa ya kwanza, na huko juu sauti yake mwenyewe ilikuwa inacheka, inasema, "Vizuri, mwanangu. Panda, panda."