Masikio ya Kinyozi

Kinyozi alikuwa fundi wa kusifiwa mtaani kwao. Lakini mwaka ule, ukimwambia apunguze pembeni tu, alikunyoa kipara. Wateja walidhani amepata kiburi. Kumbe alikuwa hasikii vizuri.

Nyumbani mkewe, Mama Pacha, alizoea kupaza sauti. Akisema chakula kiko tayari, majirani nao walijua. Kinyozi aliitikia "ndiyo" kwa kila jambo, hata lisilo swali. Kisha alichokonoa masikio kwa njiti ya kiberiti. Aliogopa kwamba anakuwa kiziwi, na hakutaka mtu ajue.

Mkewe alimwomba waende kituo cha afya. Akakataa. Kadi ya bima walikuwa nayo, na michango walitoa. Ila yeye aliamini bima ni ya mtu aliyezidiwa, aliyelazwa.

Mama Pacha akamwita jirani yao, muuguzi. Alikuja, akaketi karibu na Kinyozi, akasema taratibu.

"Shemeji, bima si ya kulazwa tu. Mpango wenu unalipia kumwona daktari, vipimo na dawa. Wahi kabla tatizo halijakua. Na hiyo njiti iache, inasukuma nta ndani na inaweza kukutoboa ngoma ya sikio."

Akawaeleza waulize kwanza kama kituo kinapokea bima yao. Tena, kuwa na kadi hakutoshi. Mgonjwa ana haki ya kusikilizwa, kupimwa na kuelezwa. Asipoelewa, aulize.

Walikwenda. Foleni ilikuwa ndefu na daktari amechoka. Aliposikia neno "masikio" tu, akaanza kuandika dawa za maumivu. Kinyozi alikwisha kunyanyuka, lakini mkewe alimshika mkono, akamketisha.

"Samahani, daktari. Hana maumivu. Hasikii. Tunaomba umtazame masikio kwanza, kisha utueleze."

Daktari akaweka kalamu chini, akaomba radhi. Akachukua kifaa chenye taa, akachungulia sikio moja, kisha la pili. Nta ilikuwa imekauka na kuziba kote. Akawapa dawa ya matone ya kuilainisha, akawaonyesha namna ya kuitumia, akawaambia warudi baada ya siku chache. Bima ililipia yote.

Waliporudi, daktari alimwosha masikio kwa maji ya vuguvugu. Kinyozi akashtuka. Alisikia viatu vikipita nje ya chumba. Alisikia mtoto akikohoa mahali fulani, na mkewe akivuta pumzi kando yake.

"Baba Pacha, unanisikia?" mkewe alipaza sauti kwa mazoea.

"Nakusikia, mke wangu. Na kituo kizima kinakusikia."

Mama Pacha alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Njiani akaanza kumsimulia mambo ya mwaka mzima, yale ambayo mtu hawezi kuyasema kwa kupaza sauti. Kinyozi alipunguza mwendo, ili wasifike nyumbani upesi.