Sekunde Nne za Kisosa

Mtaa wa Kisosa ulikubali kuhama kwa kauli moja, na hakuna hata mtu mmoja aliyetaka kuhama.

Kaya tisini na saba, zote zilisema ndiyo. Mtambo wa Maoni ulitangaza matokeo Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa mwanga uliosimama katikati ya jiji la Morogoro, na wapita njia wakapiga makofi. Walikuwa na sababu. Mto ulikuwa haujafika mjini miaka sita. Kila mvua iliposhuka mlimani ilibeba udongo na kuujaza bwawani, na watu wa bondeni walioga kwa kikombe. Wataalamu walisema dawa ni moja tu: mteremko wa Kisosa urudi kuwa msitu, na msitu hauoti juu ya jiko la mtu.

Zamani hizo za mbele, jiji halikuamua jambo la mazingira bila kuwauliza wananchi. Kila nyumba ilikuwa na kisikizi, kidude cha ukubwa wa kisahani cha chai, kilichobandikwa ukutani karibu na mlango. Kilikula mwanga wa jua, kikazungumza kwa upole, Kiswahili au Kiluguru, upendavyo. Kilipiga hodi kwanza. Kikishakaribishwa ndipo kilipouliza: Je, mko tayari kuacha mkaa? Je, maji ya kuogea yamwagilie bustani? Majibu yalikwenda kwenye Mtambo, Mtambo ukajumlisha, jiji likatii. Watu walijisifu kwamba hakuna serikali duniani inayosikiliza namna ile.

Kuhusu msitu wa Kisosa, watu wa bondeni waliunga mkono kwa asilimia tisini na nne. Wengi walijibu wakiwa wamefunga madirisha, viyoyozi vikinguruma. Kuupenda msitu utakaoota juu ya paa la mwenzako si kazi.

Fundi wa visikizi vya upande ule wa mlima alikuwa Mkude Lugendo, mwanamume wa miaka hamsini na miwili. Shule aliiacha darasa la saba, akajifunza kazi kwa kufungua vitu vilivyokufa. Alikaa Kisosa, nyumba ya juu kabisa, peke yake tangu mkewe Asumini afariki. Ardhi haikuwa yake. Huko ardhi ni ya ukoo wa mama, na mwanamume aliyeoa hapo hulima kama mgeni anayependwa. Asumini alipozikwa, ukoo haukumwambia Mkude abaki, wala haukumwambia aondoke. Akabaki. Jioni alikisimulia kisikizi habari za kazi, kwa kuwa ndicho pekee kilichomwitikia.

Kisikizi kilipomwuliza kuhusu kuhama, Mkude aliwaza: mimi ni nani niwazuie wenye ardhi? Akasema nakubali.

Jumanne alipewa amri ya kubandua visikizi vya mtaa mzima. Akaanzia kwa Bi Mwanne, dada mkubwa wa marehemu mkewe, aliyekuwa ameinama shambani akichimba magimbi.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Umekuja kunibandua na mimi, au kidude tu?"

"Kidude tu. Wewe sikuwezi, mzito."

"Mzito ni wewe na hilo tumbo. Magimbi yangu yote yamo humo." Bi Mwanne alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Lakini nyie mna haraka."

"Sisi kina nani?"

"Nyie mlioutaka uhamisho. Mtaa mzima."

"Kwani wewe hukuutaka?"

Bi Mwanne alimtazama kama anayemtazama mtu aliyevaa shati nyuma mbele. "Mama yangu kalala pale. Mdogo wangu, mkeo, kalala pale. Niende ghorofani nikapande migomba dirishani?"

"Mbona ulisema nakubali?"

"Nilinyamaza, Mkude! Kilipouliza nilinyamaza mpaka chungu kikachemka. Hakikuondoka. Mgeni asiyejua kuondoka utamfanyaje? Nikakiambia nakubali ili kiniache nipike."

Mkude aliweka bisibisi chini.

Kisosa mgeni haambiwi hapana. Akija kuposa, akija kuazima jembe, mwenye nyumba asiyetaka hukaa kimya. Mgeni mwenye adabu huelewa, hushukuru, hubeba fimbo yake akaenda. Jambo hilo mtoto hulijua kabla hajajua kuchunga mbuzi. Na Mkude alilijua.

Alilijua hata miaka tisa nyuma, siku wakubwa wa Idara ya Maoni walipolalamika kwamba Mtambo unakula umeme mwingi kwa kuhifadhi sauti za visikizi. Mkude alikaa na kifaa kimoja mezani, akagundua kwamba theluthi ya sauti ile haikuwa sauti, ilikuwa kimya. Akatengeneza kichujio: kimya kikizidi sekunde nne, kikatwe, na maneno yashonwe pamoja. Umeme uliookolewa ulitosha zahanati kumi na mbili. Walimpa cheti. Bondeni, ambako watu husema hapana kama wanavyosema habari za asubuhi, kichujio hakikumdhuru mtu. Kule juu alikopanda kila jioni kulala, kilikata ulimi wa watu, na yeye hakuwahi kufikiri hata siku moja kwamba mtambo ungekuja kuuliza jambo la maana.

"Shemeji," alisema Bi Mwanne. "Nimekuuliza mara mbili kama utakunywa chai."

Hakunywa. Siku hiyo na iliyofuata aliingia nyumba baada ya nyumba akijifanya anabandua visikizi, na kila mahali aliuliza swali lilelile. Jibu lilikuwa moja. Tulinyamaza, kikang'ang'ania, tukasema sawa. Tukasikia na wengine wamekubali, tukaona basi. Kila nyumba iliomboleza peke yake ikidhani majirani wanafunga mizigo kwa furaha.

Mzee Kobelo, mjomba wa ukoo na msemaji wake, alimpokea akiwa ameketi juu ya sanduku lililofungwa kamba.

"Hata mimi sitaki," alisema. "Ila niseme hapana peke yangu? Niandikwe kwenye ubao, adui wa mazingira, jiji zima likose maji kwa ajili ya mzee mmoja asiye na meno?"

"Hata wengine hawataki, mjomba."

"Basi waseme."

"Wanakungoja wewe."

"Mimi namngoja Mwanne. Ardhi ni ya wanawake, mimi mdomo tu. Tumbo lisipouma mdomo utalia nini?"

Nafasi ilikuwa imebaki moja. Sheria ilitaka Jumamosi Mjumbe apande mlimani aulize mara ya mwisho mbele ya watu wote. Mjumbe alikuwa mashine ya magurudumu sita, kimo cha mbuzi dume, yenye kisikizi kikubwa kifuani, na ndani yake kichujio kilekile cha sekunde nne. Sauti moja tu ikipinga na kutoa sababu, maoni yote yangefutwa na kukusanywa upya.

"Anza wewe," Bi Mwanne alimwambia Mkude. "Waeleze ulivyokata kimya chetu. Ukishaanza nitafuata, na Kobelo atanifuata mimi."

"Wataniuliza kwa nini nilikata."

"Wakuulize. Utakufa?"

"Nitasema," alijibu Mkude.

Jumamosi saa nne asubuhi watu walijaa uwanjani. Mjumbe alipanda polepole, akapiga hodi, wakamkaribisha. Mwanamke mmoja, kwa mazoea, alimletea kiti. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona aibu kwa kucheka.

"Ndugu zangu wa Kisosa," alisema Mjumbe, "jiji linawashukuru. Kabla sijafunga shauri hili, yupo anayepinga?"

Hakuna aliyejibu. Mzee Kobelo alimtazama Bi Mwanne. Bi Mwanne alimtazama Mkude.

Mkude aliziona nyuso zile zote, watu waliomzikia mke, waliompa mbegu, waliomwacha akae juu ya ardhi yao bila kumwomba lolote. Sasa wangejua nani aliwashona midomo. Wangenyamaza tu, na yeye angeelewa, angebeba fimbo yake. Aende kwa nani? Alijiambia, bado kidogo, ninakuja. Akafungua kinywa.

"Asanteni," alisema Mjumbe. "Hakuna pingamizi. Shauri limefungwa."

"Napinga!" Mkude alipiga kelele. "Subiri! Napinga, sababu ninayo!"

Magurudumu yalisimama. "Nimekusikia, ndugu," alisema Mjumbe kwa ule upole wake. "Maoni yako yatahifadhiwa kwa swali lijalo." Akageuka, akateremka.

Mkude aliwaeleza watu yote, wakati maelezo hayakuwa na kazi tena. Walimsikiliza mpaka mwisho. Hawakumtukana. Walitawanyika mmoja mmoja, na Bi Mwanne alikuwa wa mwisho kuondoka.

"Ungesema mapema, fundi," alisema. Hakumwita shemeji.

Hakuna haja ya kusema uongo: msitu uliota vizuri, na mwaka wa tatu mto ulifika mjini. Watu wa bondeni waliulizwa kama wanaridhika, wakaridhika kwa asilimia tisini na saba.

Nyumba zilizobomolewa ni tisini na saba. Watu waliohamishwa ni mia nne na kumi na wawili, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika majengo sita ya ghorofa, hata ndugu wa tumbo moja wakahitaji safari ili waonane. Makaburi yaliyobaki chini ya miti ni mia moja na tisa. Yaliyohamishwa ni manne. Ruhusa ya kuingia msituni kuwazuru wafu ni saa moja kwa mwaka. Wazee waliokufa mwaka wa kwanza ni kumi na mmoja. Kobelo alikuwa wa nne, Mwanne wa tisa. Misiba aliyoalikwa Mkude, hakuna hata mmoja. Mkude alipata chumba ghorofa ya tano, chenye dirisha moja, na katika miaka hiyo mitatu watu waliopiga hodi mlangoni kwake hawakuwapo.